Jinsi ya kuifungua namba kubwa kwa kalamu na karatasi (tunatumia 1,155,574 ya Kisumu)

Namba yetu ni 1,155,574. Kama ulikuwa unaishi kaunti ya Kisumu 2019 basi uko ndani yake, juu hii ndo hesabu ya watu wote wa kaunti kwa ile sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Wanaume 560,942, wanawake 594,609, na huntha 23 ambao ndo mara ya kwanza sensa ya Kenya iliwahesabu kivyao. Jumlisha hizo tatu uone kama hatutafika palepale.

Sasa siasa ya sensa na mgao wa pesa tuwaachie wenyewe, leo tunaitaka namba kama namba. Inagawanyika kwa nini, imejengwa na nini, ina tabia gani. Nimeichagua hii juu inakaa ya kawaida kabisa, hakuna mtu ataiangalia aseme hapo kuna kitu, na mimi naona hizo ndo namba nzuri za kujifunzia kuliko zile za vitabuni zilizopangwa zitoke sawa.

Utahitaji kalamu na eksasaizi ya miraba ile ya hesabu, basi. Simu iweke kando mpaka mwisho. Si ati kalkuleta ni mbaya, shida yake ni kwamba ukigawa 82,541 kwa 7 inakuandikia 11791.5714 na kitu, na sisi hatutaki hiyo mikia ya desimali, tunataka baki. Baki ndo inaongea.

Hatua ya kwanza, angalia mkia. Tarakimu ya mwisho ni 4 kwa hivyo namba ni shufwa, 2 inaingia, na 5 haiingii kwa sababu hakuna 0 wala 5 pale mwisho. Je 4 inaingia? Angalia tarakimu mbili za mwisho tu, 74, na 74 haigawanyiki kwa 4, so 2 iko ndani mara moja pekee. Gawa nusu:

1,155,574 ÷ 2 = 577,787

Ya pili, jumlisha tarakimu. 1+1+5+5+5+7+4 = 28. 28 haigawanyiki kwa 3, basi hata namba nzima haigawanyiki kwa 3, na kama 3 imekataa, 6 na 9 na 12 na ndugu zao wote wamekataa pia, usipoteze wino. Inafanya kazi hivi: 10 ni 9 na moja juu, 100 ni 99 na moja juu, 1,000 ni 999 na moja juu, kwa hivyo ukitoa hizo 9 zote kinachobaki ni tarakimu zenyewe zikijumlishwa. Ukiendelea, 28 inakuwa 2+8 = 10, halafu 1+0 = 1, maana yake ukigawa 1,155,574 kwa 9 itabaki 1. Na kwa pembeni tu, hiyo 28 ni namba kamilifu, vigawanyo vyake ukiacha yenyewe ni 1, 2, 4, 7 na 14, jumlisha upate 28 tena. Haitusaidii kitu hapa lakini inafurahisha.

Hatua ya tatu ndo naipenda kuliko zote, juu unapima 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja. Shuleni wengi tulifundishwa 7 haina njia ya mkato, uchukue tu ugawe. Si kweli. Kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu toa, jumlisha, toa, jumlisha, ukipishanisha:

574 − 155 + 1 = 420

Sasa badala ya kupigana na milioni unapigana na 420. Kwa 7: 7 mara 60 ni 420, imeingia bila baki. Kwa 11: 11 mara 38 ni 418, inabaki 2, imekataa. Kwa 13: 13 mara 32 ni 416, inabaki 4, imekataa. Siri yake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa hizo namba tatu, 1,000 ni kama 1,001 ukitoa moja, yaani ni kama −1, ndo maana kila ukiruka elfu ishara inageuka. Kipande cha mwisho kinajumlishwa, kile cha maelfu kinatolewa, kile cha mamilioni kinajumlishwa tena, na ukiwa na mabilioni unatoa. Mtoto wa gredi ya sita anaweza kuifanya akisimama.

Wacha niwaonyeshe kitu. Kaunti ya Nakuru kwa hiyo sensa ilikuwa na watu 2,162,202. Fanya mchezo uleule: 202 − 162 + 2 = 42, na 42 ni 7 mara 6. Imeingia. Kakamega walikuwa 1,867,579. 579 − 867 + 1 = −287, na 287 ni 7 mara 41. Imeingia pia! Kisumu, Nakuru, Kakamega, zote tatu 7 inaingia. Kabla mtu wa pale steji ya Kondele hajaanza kuniambia saba ni namba ya baraka, jaribu Bungoma, 1,670,570: 570 − 670 + 1 = −99. 7 haiingii, ila 11 inaingia, 11 mara 9. Ukiokota namba tatu ovyo, nafasi ya zote kukubali 7 ni moja kwa 343, ni ndogo lakini si muujiza, na kaunti ziko 47, ukitafuta sana lazima upate tatu zinazofanana kwa kitu fulani. Hii namba haina ujumbe wa siri.

Turudi kazini. 577,787 ÷ 7 = 82,541. Na usikimbie, uliza tena kama 7 nyingine imejificha ndani: 541 − 82 = 459, na 459 kwa 7 inabaki 4, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 4. Zote nje.

Hatua ya nne. Omera, hii usiiruke, juu hapa ndo watu huchoka bure. Tumebaki na 82,541 na swali ni, tutagawa mpaka lini? Watu wengi hudhani lazima ujaribu mpaka nusu ya namba. Hapana. Unaenda mpaka kipeuo cha pili tu, juu vigawanyo huja wawili wawili, kimoja kidogo na kingine kikubwa, na vyote viwili haviwezi kuzidi kipeuo kwa wakati mmoja, zao lao lingepita namba yenyewe. 287 × 287 = 82,369 na 288 × 288 = 82,944, basi tukifika 287 bila kupata kitu tunasema 82,541 ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, mambo kwisha.

Na tena hujaribu kila namba, unajaribu tasa peke yake. Kama 3 imekataa, 21 itatoka wapi? Tasa za mpaka 287 ziko 61. Kama tungekuwa wakaidi tukashughulika na 1,155,574 nzima bila kuipunguza, kipeuo chake kiko juu ya 1,074, na tasa za mpaka hapo ni 180. Umeona? Kila ukipata kigawanyo, gawa kwanza ndo uendelee, namba inashuka na kazi inashuka nayo.

Hatua ya tano ni jasho. 2, 3, 5, 7, 11, 13 zimeshapita, andika hizi zinazofuata kwa safu moja upande wa kushoto wa ukurasa: 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59. Upande wa kulia acha nafasi ya baki. Usifanye ile divisheni ndefu ya shule, nenda kwa mafungu makubwa. Kwa mfano 31: 31 mara 2,600 ni 80,600, toa kwa 82,541 unabaki na 1,941. 31 mara 62 ni 1,922. Inabaki 19. Andika 19, songa. 37: 37 mara 2,200 ni 81,400, unabaki na 1,141, toa 37 mara 30 ambayo ni 1,110, inabaki 31. Andika, songa.

Ukimaliza linganisha na zangu: 17 inabakisha 6, 19 inabakisha 5, 23 inabakisha 17, 29 inabakisha 7, 31 inabakisha 19, 37 inabakisha 31, 41 inabakisha 8, 43 inabakisha 24, 47 inabakisha 9, 53 inabakisha 20. Kama yako imetofautiana mahali rudia hiyo moja tu, na kumbuka baki haiwezi kuwa sawa ama kubwa kuliko unachogawia, ukiona umeandika 17 inabakisha 23 jua bado hujamaliza kutoa.

Halafu unafika 59. 59 mara 1,400 ni 82,600. Hiyo imepita 82,541, kwa ngapi? Kwa 59 kamili. Yaani punguza fungu moja:

82,541 = 59 × 1,399

Hapo ukiwa peke yako unaweza kupiga meza.

Hatua ya sita haina kazi, ni kufikiria tu. Tumebaki na 1,399, ni tasa ama si tasa? Kipeuo chake kiko kati ya 37 na 38, juu 37 × 37 = 1,369 na 38 × 38 = 1,444. So tungehitaji kujaribu tasa za mpaka 37. Lakini subiri, si tumeshazijaribu zote? Kila tasa chini ya 59 ilikataa 82,541, na kama ingekuwa inaingia kwa 1,399 lazima ingeingia pia kwa 82,541 juu 1,399 iko ndani yake. Zilikataa kubwa, haziwezi kukubali ndogo. 1,399 ni tasa, na hatujaandika hata mstari mmoja zaidi. Zile baki ulizoandika kando ndo ushahidi wako.

Basi namba ya Kisumu ni hii:

1,155,574 = 2 × 7 × 59 × 1,399

Na hakuna njia nyingine ya kuijenga kwa tasa, unaweza kubadilisha mpangilio lakini si vipande vyenyewe. Hiyo ni kanuni ya kila namba nzima kuanzia 2 kwenda juu, na Carl Friedrich Gauss aliichapishia uthibitisho kamili mwaka 1801.

Ukishapata vipande, mengine yote yanaanguka yenyewe. Vigawanyo ni vingapi? Kila tasa kati ya hizo nne ama iko ama haiko, 2 × 2 × 2 × 2, kwa hivyo ni 16. Hivi hapa: 1, 2, 7, 14, 59, 118, 413, 826, 1,399, 2,798, 9,793, 19,586, 82,541, 165,082, 577,787 na 1,155,574. Angalia 165,082 hapo, hiyo ni namba yetu kwa 7. Kaunti ya Kisumu ina maeneo bunge 7: Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Kisumu ya Kati, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Yaani watu wa sensa wangegawanywa sawa kwa hayo saba, kila moja lingepata 165,082 bila hata mtu mmoja kubaki barabarani. Kwa ukweli hayako sawa hata kidogo, lakini hesabu ingekubali. Kwa kaunti 47 sasa ingekataa, 47 tuliiona pale ikibakisha.

Kujumlisha vigawanyo vyote usiende moja moja. Chukua kila tasa uongeze 1, halafu zidisha: 3 × 8 × 60 × 1,400 = 2,016,000. Imetoka safi ajabu. Ukitoa namba yenyewe unabaki na 860,426, ambayo ni chini ya 1,155,574, kwa hivyo namba ya Kisumu ni pungufu, hivyo ndo Wagiriki wa kale waliita namba ambayo vigawanyo vyake havifikii kuijaza. Zikizidi inaitwa zidifu, zikitosha barabara inakuwa kamilifu kama ile 28. Nakuru ni zidifu na unaweza kujua bila kuhesabu, juu ni shufwa, na tarakimu zake zinajumlika 15, so 6 inaingia. Namba yoyote ambayo 6 inaingia, nusu yake na theluthi yake na sudusi yake zikijumlishwa zinatosha namba nzima, halafu kama ni kubwa kuliko 6 kuna vigawanyo vingine vinakuja juu. Imeshazidi.

Sasa upande wa miraba. Tuseme unataka kupanga watu wote wa Kisumu uwanjani kwa mraba kamili, mistari sawa na watu wa kila mstari. Kipeuo kilicho karibu ni 1,075. Namba inayoishia na 5 kuizidisha yenyewe ni rahisi: 107 mara 108 ni 11,556, bandika 25 nyuma, 1,155,625. Wamepungua 51 tu! Watu milioni moja na ushee na kona moja ya uwanja ina mapengo 51. Ukikataa mapengo, umbo la karibu na mraba ni mistari 826 ya watu 1,399.

Je inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Haiwezi, na uthibitisho unatoshea nyuma ya risiti. Mraba wowote ukigawa kwa 7 baki yake ni 0, 1, 2 ama 4, jaribu 1 mpaka 6 uone. Chukua baki mbili za hizo ujumlishe: 1+1, 1+2, 1+4, 2+2, 2+4, 4+4, hakuna inayotoa kitu 7 inaingia, na 0 ukiiongezea 1 ama 2 ama 4 pia haitoi. Njia pekee ni zote mbili ziwe 0, yaani miraba yote miwili iwe ya namba za 7, na hapo 49 ingeingia kwa jumla. Lakini 7 iko ndani ya namba yetu mara moja tu. Mlango umefungwa.

Mitatu je? Hiyo inawezekana. Toa mraba mkubwa zaidi unaotoshea, 1,074 × 1,074 = 1,153,476, unabaki na 2,098. Sasa tafuta miraba miwili ya 2,098. Lazima yote iwe ya witiri, juu 2,098 kwa 4 inabaki 2. Shuka kutoka juu: 45 inaacha 73, si mraba. 43 inaacha 249, hapana. 41 inaacha 417, hapana. 39 inaacha 577, karibu na 24 × 24 lakini hapana. 37 inaacha 729, na 729 ni 27 × 27.

1,155,574 = 1,074² + 37² + 27²

Kwa lugha ya kompyuta, ile ya 0 na 1, unagawa nusu nusu ukiandika baki kutoka kulia kwenda kushoto, na inakuwa 100011010000111110110. Tarakimu 21, moja ziko 11 na sifuri 10. Sina la kuongeza hapo.

Sasa chukua simu uhakikishe: 2 mara 7 mara 59 mara 1,399. Ikitoka sawa nenda kwa majirani. Anza na Bungoma juu itaisha haraka, 1,670,570 inatoa 2, 5 na 11 mara moja unabaki na 15,187, kipeuo chake ni 123 na kitu, jaribu tasa mpaka 113 na hakuna itakayoingia, hiyo ni tasa. Nakuru tafuta jioni yenye nafasi. 2, 3 na 7 zinatoka bila shida, halafu unabaki na 51,481 ambayo ni kichwa ngumu, inakuchezea kwa kubakisha 1 tu kwa 11 na 1 tu kwa 13, na kipeuo chake ni 226 na kitu, kwa hivyo utaandika safu ya tasa mpaka 223 kurasa mbili nzima na zote zitakataa.